Winchi na Madumu Mawili ya Maji

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo nani alikosea, mkewe aliyepika, mama yake aliyeugua, nyapara aliyesukuma kazi au shemeji yake aliyecheka, atakusikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha atakwambia, "Hao wote wana makosa yao. Lakini nafasi ya mjinga siku ile ilikuwa moja tu, na mimi niliiwahi."

Kazini wanamwita Winchi. Jina walimpa wabeba zege wenzake kwa sababu ya mikono yake: karai likimfikia hupanda juu bila kuguna, na kama si jasho ungedhani ni mashine ya kuinulia mizigo. Nyumbani ni Baba Pacha, baba wa mabinti wawili waliozaliwa siku moja na ambao tangu siku hiyo hawajakubaliana jambo lolote. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, jiko na baraza. Barazani mkewe, Mama Pacha, ameweka cherehani yake, na hapo ndipo mtaa mzima huja kupunguza suruali na kupunguza watu. Chumba cha pili pacha wanalala na bibi yao, mama mzazi wa Winchi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene.

Huyo bibi ndiye aliyerudi siku moja kutoka zahanati na karatasi mkononi. Presha imepanda. Dawa asubuhi na jioni, na chumvi apunguze, apunguze kweli, siyo kwa mdomo.

Jioni hiyo walikuwa mezani wote, pamoja na mdogo wake Mama Pacha, kijana anayebeba zege na Winchi kwenye jengo hilohilo na ambaye hupita pale kusalimia kila siku, kwa bahati tu, chakula kinapopakuliwa. Winchi humwita Shemeji, na jengo zima limemwita hivyohivyo, hata watu ambao hawakuoa dada yake.

"Mama, nitakupikia chungu chako kidogo, pembeni," Mama Pacha alisema.

"Pembeni wapi?"

"Pembeni tu, mama. Kwenye jiko lile la pili."

"Leo nitengewe chungu, kesho sahani, keshokutwa mlango," mama alisema. "Nipikie kama mnavyokula. Nikifa nife nimeshiba pamoja na watu."

"Basi tupike bila chumvi, halafu kopo likae hapa mezani, kila mtu ajitilie," Shemeji alisema.

Wote walimtazama kama amevua shati mbele ya wageni. Katika nyumba ile chumvi haitoki jikoni. Ni sheria ya mama, aliyoirithi kwa mama yake: ukiomba chumvi chakula kikiwa tayari kwenye sahani, umemwambia mpishi usoni kwamba hajui kupika. Winchi tangu utotoni amekula vyakula vilivyopooza na vilivyokolea mno, na hajawahi kufumbua mdomo ila kuingiza tonge.

Akapiga goti lake kwa kiganja. Akipiga goti ujue ameamua.

"Chungu ni kimoja na hakitiwi chumvi," alisema. "Mama asipolamba, hapa halambi mtu."

Mama alifuta jicho kwa ncha ya kanga. Mama Pacha hakufuta kitu.

"Na wewe na hiyo kazi yako?"

"Kazi yangu ina nini?"

"Mimi ndiye ninayefua mashati yako, Baba Pacha. Likikauka mgongoni linakuwa na ramani nyeupe. Ile ni chumvi."

"Ile ni chumvi inayotoka. Inatoka kwa sababu mwili hauitaki." Winchi alijiegemeza kitini, mwalimu kamili. "Jasho ni maji. Nikitoa maji, narudisha maji. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Nitabeba madumu mawili kila siku, uone kama nitatikisika."

"Darasa la pili ulirudia, shemeji," Shemeji alisema, akaongezewa mboga ili anyamaze.

*

Jengo lilikuwa limefika ghorofa ya pili, na jamvi la zege la ghorofa hiyo, yaani sakafu yake, lilikuwa limwagwe kwa mapande mawili, Jumanne moja na Jumanne inayofuata. Kila mtu pale alijua nini kinapimwa. Nyapara alikuwa amepata kazi ya jengo kubwa zaidi upande wa pili wa mji, kazi ya miezi minane, na alikuwa ametangaza mbele ya mashine ya kuchanganyia zege kwamba atahama na watu kumi tu. "Watakaokuwa wamesimama ngazini jamvi la pili likifungwa," alisema, "hao ndio wangu. Wengine tutaonana barabarani."

Kumi ni idadi ya mstari. Zege inachanganywa chini, inajazwa kwenye karai, na karai linapanda mkono kwa mkono juu ya ngazi ya mbao, mtu juu ya mtu, mpaka kwa wa mwisho anayepokea, anageuka na kumwaga. Huyo wa mwisho anasimama ngazi ya juu. Jua ni lake kuanzia asubuhi, na kugeuka na mzigo kifuani ni kwake peke yake. Winchi alikuwa na mwaka wa sita ngazi ya juu. Hapakuwa na cheo cha kuandikwa popote, lakini mgeni akija anaonyeshwa kwa kidole: yule pale.

Na mstari ukishaanza hausimami. Zege ikikaa inaanza kushika, na jamvi likimwagwa kwa kusitasita linaacha mshono ambao baadaye unavuja. Kwa hiyo watu hujizoesha kuvumilia. Wengine hawanywi kabisa ili wasihitaji kushuka. Winchi alikuwa na njia yake: madumu mawili ya lita tano, yamefungwa kamba kwenye mwimo nyuma yake, na kila karai kumi na tano anapiga bakuli zima la maji kabla linalofuata halijamfikia.

"Utaota magamba, shemeji," alisema Shemeji kutoka ngazi ya chini yake. Yeye alikuwa na karanga za kukaanga zenye chumvi kwenye kipande cha gazeti, mfukoni.

"Wewe endelea kula chakula cha kasuku."

"Kasuku anaishi miaka mingi."

Hii ilikuwa siku ya kumi na tatu bila chumvi. Siku za kawaida, siku za kupanga matofali na kusogeza mbao, hazikumwambia kitu. Jumanne ile jua lilipanda mapema. Kufikia saa nne dumu la kwanza lilikuwa tupu na shati lilikuwa limemganda. Kufikia saa sita alianza kuumwa kichwa, akajitibu kwa mabakuli mawili. Vidole vilivimba. Pete ya ndoa, ambayo kwa kawaida huzunguka yenyewe, ilikaza kama imepigiliwa msumari. Tumbo lilijaa, likawa linacheza kila anapogeuka. Akafikiri ni kiu, maana hajui jina lingine la kujisikia vibaya kwenye jua, na akanywa.

"Kunywa, mwanaume," nyapara alimpigia kelele kutoka chini, kwa kumsifu. "Nyie wengine mwoneni Winchi."

Wakamwona. Saa saba kasoro Winchi alipokea karai kutoka kwa Shemeji, akageuka, akamwaga, akamrudishia Shemeji lilelile karai tupu badala ya kulitupa pembeni, na akasubiri alipokee kana kwamba mzigo bado unapanda.

"Shemeji, unanipa nini?"

"Peleka juu," Winchi alisema.

"Juu ni wewe."

Winchi alitafakari hilo. Nyapara akauliza kuna nini. Winchi akamtazama kwa heshima kubwa, akamwambia, "Shikamoo, mama mkwe."

Mstari wote ulicheka. Ngazi ilitikisika kwa kicheko, na Shemeji alicheka kuliko wote, jambo ambalo mpaka leo hapendi kukumbushwa. Walikuwa bado wanacheka misuli ya mapaja ilipombana Winchi kwa pamoja, akajikunja, akatapika maji matupu, maji meupe kama yalivyoingia, na akateremka ngazi tatu kwa mgongo. Kama Shemeji asingemdaka kwapani angeteremka zote.

Wakamlaza kivulini. Mmoja akasema ni jua. Mwingine akasema mtu aliyepigwa na jua anahitaji maji. Wakammwagia kichwani na wakamnywesha, vikombe vitatu, kwa upendo wa kweli, huku yeye akinong'ona kuhusu karai.

"Mwondoeni," nyapara alisema, macho yake kwenye mashine iliyokuwa inazunguka na zege tumboni. "Na ngazi ya juu apande mtu. Wewe mrefu wa kwenye mchanga. Panda."

*

Jengo halikuwa na gari. Lilikuwa na toroli. Winchi alipelekwa nyumbani ndani ya toroli, miguu ikining'inia mbele, Shemeji akisukuma, gurudumu likilia kila linapozunguka. Njia ilipita mbele ya baraza ya Mama Pacha, na barazani siku hiyo walikuwepo wateja wanne, mmoja wao akiwa amesimama na suruali iliyojaa pini.

Mama Pacha alisikia gurudumu kabla ya kuona. Akanyanyua mguu kwenye pedeli.

"Ameanguka?"

"Ameishiwa maji, dada. Jua."

Akainama, akamshika mkono mumewe. Ule mkono aliujua. Leo ulikuwa mnene kama umepuliziwa hewa, na pete ilikuwa imezama.

"Mtu aliyeishiwa maji anavimba?" aliuliza.

Mwenye pini akasema shangazi yake aliwahi kuvimba, lakini huyo aliumwa na nyuki. Mama alitoka ndani, akamwona mwanawe ndani ya toroli kama mfuko wa saruji, akaanza kufunga kanga yake ya kutokea bila kuuliza swali.

Waliingia zahanati wanne: aliyemo torolini, wanawake wawili, na Shemeji nyuma akiwa bado ameshika mishikio kana kwamba akiiachia kitu kitaanguka. Tabibu alikuwa binti mwenye miwani, mikono ya koti imekunjwa. Walimpandisha Winchi kitandani.

"Daktari, ameishiwa maji, mwekee dripu ya maji upesi," Shemeji alisema. Kwa mkono mmoja alikuwa tayari anamfungulia Winchi chupa.

"Leo amekunywa nini?"

"Maji."

"Kiasi gani?"

Shemeji alionyesha vidole viwili.

"Vikombe?"

"Madumu."

Kalamu ya tabibu ilisimama. "Ya lita ngapi?"

"Tano. Kila moja. Na pale chini tulimwongezea kidogo, si unajua, tumsaidie."

"Weka hiyo chupa chini," tabibu alisema, bila kupandisha sauti, na Shemeji akaiweka chini kama amepewa amri na askari. "Amekula nini?"

"Viazi na maharage," Mama Pacha alijibu.

"Vyenye chumvi?"

Mama alitazama ukutani, penye picha ya mtoto anayechanjwa.

"Nyumbani kwetu hatuli chumvi," Mama Pacha alisema. "Leo siku ya kumi na tatu."

"Nani amewaambia msile?"

Mama Pacha alinyoosha shuka miguuni kwa mumewe. Hakumtazama mtu. Ni mama mwenyewe aliyegeuka kutoka kwenye picha.

"Wewe, mjukuu wangu," alimwambia tabibu.

Tabibu alivua miwani, akamtazama vizuri, akamkumbuka. "Bibi, nilikwambia wewe. Wewe unayekaa barazani unachambua mboga. Nilimwambia nani mwingine?"

"Tunakula chungu kimoja."

"Na mnatoka jasho moja?"

Akamtoa Winchi damu, akaenda chumba cha pili penye mashine ndogo, akarudi anatembea haraka. Dripu aliyoitundika ilikuwa ndogo, na aliifungulia kwa matone machache huku akitazama saa.

"Mbona kidogo hivyo?" Shemeji alinong'ona. "Mtu mkubwa huyu."

"Hii ina chumvi nzito, siyo ya kumwaga kama zege yenu," tabibu alisema. "Huyu hajaishiwa maji. Amejaa maji. Ametoa jasho siku nzima, jasho lina chumvi, chakula chake hakina, halafu akaongeza maji matupu juu ya maji matupu. Damu yake imekuwa kama mchuzi uliozidishwa maji. Na ubongo hauupendi huo mchuzi, unavimba. Mngemnywesha dumu la tatu mngeniletea maiti."

Shemeji alikaa chini sakafuni. Mama Pacha akachukua kipande cha sabuni kwenye beseni, akapaka kidole cha mumewe, akaitoa ile pete taratibu, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Kidole kilibaki na alama nyekundu. Alikishika kwa muda mrefu.

Jioni Winchi alikojoa kama farasi, akafungua macho, akauliza jamvi limefungwa saa ngapi.

"Huyo amepona," mama alisema.

*

Alilala zahanati siku mbili. Siku ya pili tabibu alimpa masomo, na Winchi, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu mezani kwake, akawa mwanafunzi mtiifu sana. Kunywa ukisikia kiu, kikombe, siyo dumu. Chungulia mkojo: ukiwa kama maji ya bomba umezidisha, ukiwa kama chai ya rangi umepunguza. Siku ya kazi ngumu kula chenye chumvi, na kula katikati ya kazi, siyo mwisho.

"Na siku ambayo sifanyi kazi?"

"Siku hiyo kula kama watu. Chumvi siyo mshahara, kwamba ukipata nyingi ndiyo vizuri."

"Na mama?"

"Mama yako abaki palepale nilipomwambia. Wewe unaimwaga, yeye haimwagi. Hamfanani, Baba Pacha, hata kama umetoka tumboni kwake."

Habari mbaya ililetwa na Shemeji. Mrefu wa kwenye mchanga ameshika ngazi ya juu na hajafanya vibaya sana. Na nyapara amesema, mbele ya watu, kwamba mtu aliyemshusha kwa toroli hawezi kumpandisha kwa ngazi. Watu walicheka. Sasa akipita mtu na toroli, anaulizwa kama anampeleka Winchi au anamfuata.

Kuugua aliweza. Kuitwa mkwe wa nyapara na jengo zima, maana nyapara sasa walimwita Mama Mkwe, aliweza pia. Lakini miezi minane ya kazi, na mwaka wa sita wa kuonyeshwa kwa kidole, hivyo hakuviweza.

Jioni aliyorudi nyumbani, Mama Pacha alipakua viazi na maharage kama kawaida, sahani sita pamoja na ya Shemeji. Kisha akarudi jikoni, akatoka na kopo la chumvi, akaliweka katikati ya meza. Pacha waliacha kugombana.

"Mama Pacha," mama alisema, "hicho ni nini?"

"Chumvi, mama."

"Naijua chumvi. Inatafuta nini nje ya jiko?"

"Inamtafuta Baba Pacha."

"Mwanangu hawezi kumtukana mkewe mbele ya watoto."

"Mama, mimi sitaki kumtukana mtu," Winchi alisema. "Nataka kurudi ngazini."

"Basi nipikieni mimi pembeni." Sauti ya mama ilikuwa imepungua unene. "Mimi ndiye niliyewaletea haya. Nilikataa chungu changu, nikamtia mwanangu kwenye toroli."

"Hakuna chungu cha pembeni," Mama Pacha alisema. "Chungu ni kimoja, kimepikwa kwa ajili yako, na sisi wengine tunajitilia. Huo ndio utaratibu kuanzia leo."

"Na mpishi aliyetiliwa chumvi mezani?"

"Mpishi ni mimi, mama. Nikitukanwa nitasema."

Mama alinyoosha kidole kimoja, akalisukuma kopo kutoka upande wake mpaka mbele ya mwanawe, polepole, likikwaruza meza njia nzima.

"Lichukue," alisema. "Lisije likapotea njia."

Winchi alijitilia mbele ya mama yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alitia punje chache, kama anayehesabiwa. Shemeji alijitilia bila kuhesabu, akaambiwa arudishe nusu.

*

Jumatatu Winchi alimfuata nyapara kwenye kibanda chake cha mabati. Nyapara alianzia maisha kwenye useremala, akipiga mbao zinazoshikilia zege, na penseli bado hukaa sikioni ingawa siku hizi inaandika majina tu.

"Nakupa mchanga," nyapara alisema. "Beleshi, chini, kivulini. Kwa heshima ya zamani."

"Mchanga hauhami na wewe."

"Hauhami."

"Basi nipe ngazi ya juu kesho. Nikitikisika mara moja, nitashuka mwenyewe, na toroli nitasukuma mimi."

Nyapara alimtazama mikono. Mrefu wa kwenye mchanga hakuwa amefanya vibaya sana, lakini Jumanne ile jamvi lilifungwa magharibi badala ya alasiri, na mwenye jengo aliuliza kwa nini.

"Mara moja," nyapara alisema.

Kitu ambacho Winchi hakumwambia alikuwa amekwisha kukipanga na wenzake nje, karibu na bomba. Mstari una nafasi kumi. Mrefu akibaki wanakuwa kumi na mmoja, kwa hiyo wakati wowote mtu mmoja anaweza kuwa chini, amekaa, anakunywa na kula, na mstari haujui. Zamu fupi, ya makarai arobaini. Anayeshuka anapisha, na anayepanda anashika ngazi ileile. Malipo ya mtu wa kumi na moja watachangia wao. Watu walibishana. Mmoja aliuliza kama amekuwa mtoto mchanga, anyonyeshwe kwa saa.

"Wewe Jumanne ulinibeba miguu," Winchi alimwambia. "Nilikuwa mzito?"

"Kama gari."

"Na wewe ni mnene kuliko mimi. Nani atakubeba?"

Hapo walielewana.

Jumanne ya pili jua lilikuwa lilelile, hakuna aliyelipunguza. Mama Pacha alifunga cherehani kwa nusu siku na akaja na ndoo ya uji wenye chumvi, ambao Shemeji alionja wa kwanza kwa niaba ya usalama wa wote. Karanga zilikuwa kwenye bakuli. Maji yalikuwa kwenye pipa na kikombe kimoja kilichofungwa kwa mnyororo, kusudi mtu asikimbilie kwenye dumu. Winchi alipanda juu saa kumi na mbili na nusu. Karai la kwanza lilipomfikia, alilipokea bila kuguna, na chini mtu akasema, "Winchi imewaka."

Kufikia saa nne zege ilikuwa imepita alama ya chokaa ya nusu ya kazi, mahali ambapo wiki iliyopita walifika saa saba. Mwenye jengo alikuja, akaangalia, akaondoka ameridhika. Nyapara alimsindikiza mpaka getini. Aliporudi alikuta ngazi ya juu amesimama mrefu wa kwenye mchanga, na Winchi yuko chini, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, bakuli la uji mkononi, anakunywa taratibu kama mtu aliye harusini.

Nyapara alitoa daftari la majina ya watu kumi. Alitoa penseli sikioni.

"Ulisema mara moja," alisema.

"Sijatikisika."

"Umekaa."

"Zamu yangu. Bado makarai tisa, napanda. Akishuka yule, atakaa yeye."

Nyapara alitazama mstari, akahesabu vichwa, akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuudhi zaidi. "Kwa hiyo mna mtu wa kukaa. Kwenye zege yangu kuna mtu kazi yake ni kukaa na kunywa uji."

"Anakaa kila mtu, kidogo kidogo. Na mshahara wake hautoki kwako. Tazama alama, mzee. Saa nne hii."

"Sitazami alama, natazama nidhamu." Penseli ilikuwa juu ya jina la kwanza kwenye ukurasa, na kila mtu aliyekuwa karibu alijua ni la nani. Mashine iliendelea kuzunguka. Makarai yaliendelea kupanda. Mama Pacha alikuwa ameshika kifuniko cha ndoo na hakukifunika. "Nimesimamia zege miaka ishirini," nyapara alisema, sasa kwa sauti ya kusikika na mstari mzima. "Wabebaji wangu wa zamani walikuwa wanapanda alfajiri, hawashuki mpaka jamvi lifungwe. Hawali, hawanywi, hawakai juu ya ndoo. Wanaume wale. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea habari za chumvi."

Winchi alimalizia uji, akampa mkewe bakuli, akasimama. Lilikuwa limebaki karai moja zamu yake ifike.

"Niitie mmoja tu kati yao," alisema, "nimpishe ngazi ya juu sasa hivi."